Kidroni cha mtoto wa shoga yangu kinapita juu ya bafu langu, nifanyeje?

Shangazi shikamoo. Naomba jina langu usilitaje na mtaa pia usiutaje, sema tu Mikindani inatosha maana hapa tunajuana wote. Nina miaka 39, nina mume fundi wa mashua na watoto watatu, asubuhi nauza maandazi na ming'oko barazani.

Nyumba yetu ni ya kawaida, mbele baraza nyuma ua. Na we unajua shangazi, ua ndo nyumba yenyewe, ndani tunaingia kulala tu. Jiko liko uani, kuku wako uani, muembe, kamba ya kuanikia, na bafu liko huko huko, kuta za bloku zimepita kichwa ila juu wazi. Tumekaa miaka 14 hatujaweka bati, mume wangu alikuwa anasema nani atakuchungulia, ndege? Sasa ndege amekuja kweli.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa shoga yangu. Tulichezwa unyago pamoja, tumeolewa tumepishana miezi, na mwanangu wa pili alinyonya kwake nilipolazwa hospitali ya Ligula wiki tatu, kwa hiyo kwa dini yetu watoto wake na huyo mwanangu ni ndugu. Ana kijana wa miaka 23, alikuwa Dar anajifunza mambo ya kamera, mwaka jana karudi anapiga picha za harusi na anarekodi matangazo ya hizi nyumba za wageni za huku. Ndo akanunua droni. Hela nyingine katoa baba yake kwenye korosho, nyingine, milioni moja na laki tano, mama yake kakopa kwenye kikoba chetu, na mdhamini aliyesaini ni mimi hapa.

Mwanzo tulikuwa tunasikia tu mlio kama nyuki, jioni jioni, kuku wanakimbilia chini ya muembe wanajua ni mwewe, tunacheka. Alafu siku moja kwenye saa kumi na mbili naoga, nimejipaka sabuni mpaka usoni, nikasikia ule mlio umekaa. Haupiti, umekaa. Nafungua macho yanawasha, naona kitu hicho juu yangu na vitaa vyake, nyekundu na kijani. Nikachuchumaa nikajifunika ndoo kichwani shangazi, mtu mzima mimi, na maji yenyewe nikawa nimeyamwaga. Sijui kilikaa muda gani, mi niliona kama nusu saa.

Nikanyamaza. Nikasema labda nimeona vibaya. Desemba shule zimefungwa tukamtoa mwali, mtoto wa dada yangu, na shughuli ilikuwa uani kwangu kwa sababu mama yangu ndo nyakanga, kungwi mkuu wa unyago, na anakaa kwangu. Mwali mwenyewe alikuwa bado yuko ndani, tuliokuwa nje ni sisi watu wazima tunacheza yale ambayo we unajua hayachezwi mbele ya mwanaume. Geti tumefunga, wanaume wote wametolewa, hata mume wangu alienda kulala kwa kaka yake. Wiki iliyofuata nafungua stetasi za WhatsApp nakuta kijana kaweka tangazo lake, muziki, bahari, ngalawa, boma la zamani, alafu katikati ua wangu. Mama yangu katikati ya duara na wanawake wamemzunguka. Sekunde chache tu ila ni sisi. Mama ana miaka 71, simu yake ya tochi, mpaka leo hajui na mi sijamwambia.

Nilimfata kijana. Kwa adabu kabisa, sikupiga kelele. Akacheka akasema mama mdogo, we una hati ya kiwanja, huna hati ya mbingu. Akasema kamera yenyewe inachukua eneo pana, mtu anaonekana kama sisimizi, na mi siku hiyo sikuwa nalenga huko. Hiyo ya bafuni nilishindwa kumuuliza, aibu. Mama yake hajaja kuniambia neno ila nasikia kisimani anasema najiona nani hata nipigwe picha.

Mume wangu kanunua mpira wa manati mpya, anasema ikipita tena anaitungua. Shemeji yangu anasema niende polisi, kijana hana kibali chochote, watamkamata siku hiyo hiyo. Mi naogopa. Akikamatwa na droni ikachukuliwa, deni la kikoba nani atalipa? Na nikinyamaza naoga na kanga mwilini kama niko mtoni, kwangu, mpaka lini? Hivi ni kweli juu hakuna mwenyewe?

Mama Watatu, Mikindani

——

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimekaa uani kwangu na nikajikuta natazama juu. Pole. Hiyo ndoo kichwani imenichoma, maana mtu anayejificha na ndoo kwake mwenyewe ameshanyang'anywa kitu hata kama hakuna picha iliyopigwa.

Nikikuelewa vizuri, umenifungia mambo manne kwenye kanga moja. Kuna swali la mbingu ni ya nani, kuna la bafuni, kuna la unyago, na kuna deni. Kwenye barua deni umeliweka mwisho ila nadhani kichwani kwako haliko mwisho.

Nianze na mbingu maana hilo kijana kakujibu kwa mdomo mwepesi. Nusu yuko sawa, ndege ya abiria ikipita juu ya nyumba yako haikuombi ruhusa. Ila watu wameligombania hili kabla hajazaliwa. Marekani huko, wakati wa vita kuu ya pili, kulikuwa na mfugaji wa kuku North Carolina, nyumba yake iko karibu na kiwanja cha ndege, za jeshi zinapita futi 83 tu juu ya shamba lake. Kuku wakawa wanaruka kwa woga wanajipigiza ukutani wanakufa, karibu 150. Kesi ikafika mahakama kuu kabisa ya nchi na mwaka 1946 majaji wakasema mwenye ardhi ana haki na ile hewa ya chini anayoitumia na kuihitaji. Hiyo ni sheria ya kwao, siyo yetu, usiende nayo kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimekupa ujue kwamba hata kuku wako chini ya muembe wana hoja.

Ila mi nadhani hapo kijana amekuvuta kwenye ubishi ambao siyo wako. We hukulalamika hewa, ulilalamika jicho. Barabara ya mbele ya nyumba yako siyo yako pia, lakini mtu akisimama hapo akachungulia dirisha la chumba chako hawezi kukwambia barabara ni ya halmashauri. Katiba yetu ibara ya 16 haisemi habari ya hati wala kiwanja, inamtaja mtu mwenyewe, familia yake, unyumba wake na maskani yake. Na ua ni maskani, tena kwa sisi wa pwani ndo maskani hasa.

Sasa la bafuni, na hapa nakuomba usinikasirikie. Unasema kilisimama. Ulikuwa na sabuni machoni, jua linazama, umeogopa, na mwenyewe umeandika uliona kama nusu saa wakati betri za hivi vidude vidogo nyingi huishia karibu na hiyo nusu saa, kwenda na kurudi. Na droni iliyo mbali kidogo ikiwa inakuja usawa wako au inaondoka, kwa macho ya chini inaonekana imesimama. Alafu ina tabia moja, mwendeshaji akiiita irudi au ikipoteza mawasiliano inakata mstari ulionyooka kutoka ilipo mpaka pale iliporukia. Kijana anarushia wapi? Kama anarushia nyumbani kwao na picha anafata baharini, na wewe uko nyumba ya tatu, inawezekana bafu lako liko njiani tu kila jioni.

Simtetei. Inawezekana pia ilisimama kweli. Vile vitaa haviwezi kukwambia, vinawaka irekodi isirekodi. Na hilo jibu lake la kamera pana halimtoi, maana pana ni kwamba inabeba vingi, na video zao siku hizi zina ubora mkubwa, mtu anakaa nyumbani anaivuta kwenye kompyuta yule sisimizi anakuwa mama wa watu. Kwa hiyo wewe hujui na mimi sijui. Anayejua ni memori kadi, na simu yake, kwa sababu programu wanazorushia huwa zinaweka kumbukumbu ya safari, ilipita wapi, ilikaa wapi, saa ngapi. Jambo linaloonekana, wewe unalibeba kama la kukisia. Umejiuliza kwa nini hujaomba kuona? Aibu, umesema. Ila hebu angalia aibu hiyo imemwendea nani, wewe uliyekuwa unaoga au yeye aliyekuwa anarusha.

La unyago halina sabuni machoni. Umeliona kwenye stetasi, yeye mwenyewe kakiri kwamba alipita siku hiyo, na siyo kwamba kalihifadhi kama kumbukumbu, kaliweka kwenye tangazo la biashara. Nchi hii tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo inapokea malalamiko. Picha ambayo mtu anatambulika ni taarifa yake, na kuichukua ukaifanyia biashara bila kumuuliza ni jambo ambalo unaweza kulipeleka mbele. Kujua hivyo tu kunabadilisha namna utakavyokaa kwenye mkeka siku ya kuongea, hata kama huendi popote.

Lakini kuna kitu umekiruka. Ulisema mlichezwa pamoja na shoga yako. Kwenye shughuli ya Desemba naye alikuwepo? Nyumba ya tatu, nyakanga ni mama yako, mwali ni wa kwenu, mi sioni jinsi gani asingekuwepo ila hukuandika. Kama alikuwepo basi naye yumo kwenye hiyo klipu, na mwanae ndo kamwanika, na yale maneno ya kisimani huenda kayasema mtu ambaye hajaona anachokisemea, kaambiwa tu kwamba fulani kamgombeza mwanao. Na kama kaona na bado anasema hivyo, hilo ni jingine, baya zaidi. Ila mpaka sasa mmeongea kwa kupitia ndoo za maji za watu wengine.

Mumeo na manati. Namwelewa kabisa, kutolewa nyumbani kwake kwa heshima ya unyago alafu mtoto anapita juu na kamera, hata mimi ningetafuta jiwe. Marekani mwaka 2015 baba mmoja huko Kentucky alikitungua kidroni kwa bunduki juu ya nyumba yake, hakimu akamfutia mashitaka, mwenye droni akafungua kesi ya madai na ikatupwa 2017 bila mahakama kusema nani alikuwa na haki na hewa ile. Miaka miwili wanazungushana. Kwetu, kuharibu mali ya mtu ni kosa na polisi hawatauliza kwanza kuhusu bafu. Alafu betri za hivi vitu ni lithiamu, zikipondeka zinaweza kulipuka moto, sasa fikiria kianguke kwenye paa la makuti la jirani ambaye hata hajui mnagombania nini. Na hapo hapo utakuwa umetungua droni ambayo milioni na nusu yake una saini yako. Mumeo analijua hilo la udhamini? Hukusema.

Polisi ndo kugumu zaidi na hapa mi sikusukumi upande wowote. Shemeji yako anaongea kweli kwamba droni haziruki tu, zinatakiwa zisajiliwe Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kanuni zipo tangu 2018, na Wizara ya Ulinzi nayo inahusika na kibali. Ila yeye anajuaje kwamba kijana hana? Kamuuliza? Alafu tukumbuke tuko wapi. Hapa ni Mtwara, siyo Morogoro. Tuna uwanja wa ndege, bandari, gesi ya Mnazi Bay na Madimba, na kule Msumbiji ng'ambo ya mto Ruvuma kuna vurugu za Cabo Delgado tangu 2017. Droni isiyo na kibali Mtwara, mtu anaweza kuanza kuulizwa maswali ambayo hayana uhusiano na bafu lako kabisa, na ukishaifungua hiyo kesi wewe siyo unayechagua iishie wapi. Ulitaka kijana aache kupita, unaweza kupata kijana yuko ndani na shoga yako analia mlangoni kwako. Upande mwingine, mwenye kibali au asiye nacho, kijana anayerusha kila jioni mji kama huu siku moja atakutana na mtu ambaye hamuiti mama mdogo. Kumwambia hilo mapema inaweza ikawa ndo huruma yenyewe, na huenda hilo akalisikiliza kuliko habari ya faragha, vijana kibali kinawatisha.

Ila nikuwekee mpaka mmoja. Ikija kujulikana kuna picha yako ya bafuni, imehifadhiwa au imetumwa kwa mtu, hapo tumetoka kwenye ujirani. Polisi wana dawati la jinsia na watoto, na sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 ipo. Hapo maziwa ya mwanao na deni la kikoba visikuzibe mdomo. Na ile klipu ya unyago kama unayo kwenye simu usimtumie mtu hata kwa nia ya kumwonyesha ushahidi, ikae kwako.

Nirudi kwenye deni. Naomba nikuulize kitu ambacho shoga wa kweli angekuuliza, unamwogopea kijana au unaiogopea milioni na nusu? Vyote vinaruhusiwa. Ila majibu yake hayafanani. Kama ni hela, lipo la kuongea na kikoba, wamebakiza kiasi gani, marejesho yanaendaje, maana labda wameshalipa nusu na wewe unaogopa deni la mwanzo. Kama ni kijana, basi mtendee kama mtoto wako, na mtoto akikosea anaitwa mbele ya mama yake. Ulimfata peke yako, umesimama na yeye kasimama, akakushinda kwa maneno kwa sababu ya mbingu na hati anajua kuongea kuliko wewe. Kwenye mkeka wa mama yake, na mtu mzima mwingine amekaa, sidhani kama angetoa ule mzaha. Hapo unaweza kuomba vitu vidogo tu, aonyeshe kadi na hizo safari za kwenye simu, ile klipu aifute na tangazo alitengeneze upya, na awe anarushia ufukweni asirushie nyumbani. La mwisho hilo halimgharimu hata shilingi, kutembea tu. Inaweza kushindikana pia, siwezi kukuficha. Anaweza kuwa ameshafuta kila kitu ukabaki na shaka yako vile vile, au shoga yako akaona umemtilia mwanae udhalili mbele ya watu, na urafiki wa miaka yote hiyo ukavunjikia hapo.

Kuhusu mama yako sina uhakika na nadhani hata wewe huna. Kumficha unamlinda, sawa, lakini yeye ndo nyakanga, na lile duara ni lake kuliko lako. Wale wanawake wengine nao walikuwemo. Mambo ya kule ndani yana wenyewe na yana namna zake za kumalizwa ambazo mi na wewe hatuziandiki gazetini. Anaweza kulimaliza kwa maneno mawili, anaweza pia akaumia asitoke ndani wiki nzima. Wewe ndo unamjua.

Na bati. Najua mumeo atasema kwa nini tujifiche kwetu, na ana haki kusema. Bati mbili juu ya bafu hazimwondolei kijana kosa lake. Lakini wewe unaoga na kanga, na sijui hilo litaenda mpaka lini wakati nyie wakubwa mnaendelea kuongea.

Niandikie tena ukishajua kama shoga yako alikuwepo siku ile uani. Kama alikuwepo, hii barua inabidi tuianze upya, na safari hiyo labda mtaiandika wawili.

Shangazi